Dada Yetu, Mama Sukutua

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Sukutua, alizaliwa tarehe 2 Februari 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi viatu na mkunga. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kuongea kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakunyamaza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975. Baba alitaka awe mwalimu. Yeye akajiunga na chuo cha afya, akatoka Novemba 1978 na cheti cha usafi wa kinywa.

"Yaani kazi yako ni kusugua meno ya watu wazima wenye mikono yao?" Baba aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Tena naanza na yako."

Na kweli, alianza na ya Baba.

Januari 1979 aliajiriwa katika chumba cha meno cha kituo cha afya, kile cha mwisho wa korido, kinachotazamana na chumba cha kufulia mashuka. Alidumu hapo hadi alipostaafu Juni 2016. Hakung'oa jino la mtu. Kazi yake ilikuwa kuondoa ukoga, kutazama fizi na kuwafundisha watu kupiga mswaki, ili wasije wakafika kwa mwenye koleo. Mgonjwa akiwa amepanua mdomo, Dada alimuuliza maswali na kumjibia: "Watoto hawajambo? Hawajambo. Mkeo je, kapona? Kapona, tunashukuru. Haya, sukutua." Sura za watu hakuzishika hata kidogo, alishika meno. Ukimsalimia njiani umefumba midomo, anakupita kama nguzo. Ukicheka tu, "Aaa, kumbe wewe! Vipi lile gego lako?" Na hapo mtaa mzima umekwisha kusikia.

Shemeji, fundi rangi, alifika kusafishwa meno mwaka 1981, akarudi baada ya wiki tatu. Dada alimchungulia kwa kioo chake kidogo, akasema, "Ukoga hauoti haraka hivyo. Umefuata nini hapa? Umenifuata mimi. Jumamosi nina nafasi? Ninayo." Maskini Shemeji, kinywa kimejaa vyuma, alichoweza kusema ni "Aaa." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Hadi leo Shemeji anadai hakuposa, aliposwa.

Mwaka 2015 mkono wa kulia wa Dada ulianza kutetemeka. Alimwendea mkuu wake mwenyewe kabla mgonjwa hajaumia. "Kioo kinacheza kinywani mwa mtu," alisema. "Basi tena." Mwaka wake wa mwisho kazini alifundisha kwa maneno tu, na kwa maneno hakuwa na upungufu. Lakini ugonjwa uliendelea kupanda, na kufikia 2023 hakuweza kupiga mswaki mwenyewe.

Hapo ndipo palipotuuma. Mtu aliyewaambia watu maisha yake yote, "Hapa hakuna aibu, fungua," alifumba mdomo wake. Binti yake alikataliwa. Muuguzi alikataliwa. Mdogo wake anayewasomea wasifu huu alikataliwa, na maneno makali akapewa juu. Daktari alituonya kwamba kinywa kikiachwa hivyo uchafu utashuka kifuani, na kifua kile hakitahimili. Kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua, lakini huyu hakutaka hata kunyolewa. Tuliogopa jamani, tuliogopa kweli.

Shemeji hakubishana naye. Siku moja alivuta kiti, akaketi mbele ya mkewe, akampa mswaki wenye dawa, akamshikilia kiwiko, akapanua mdomo wake mwenyewe. Mkono wa Dada ukaenda ulikotaka. Dawa ya meno ikapanda puani, ikashuka kidevuni, ikaingia kwenye masharubu. Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, mke wangu," Shemeji akasema. "Zamu yangu."

Dada akamtazama, akamtazama tena. Akafungua.

Kuanzia siku hiyo, asubuhi na jioni, fundi rangi mstaafu alikuwa mwanafunzi, na mwalimu hakuwa na huruma. "Bwana wee, unapaka, hupigi mswaki." "Hizo fizi, si ukuta." "Rudia." Alirudia. Kifua cha Dada kilibaki kizima hadi mwisho. Kilichochoka ni moyo.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, wote aliowaacha walikuwa nyumbani: mume wake, binti yake mshonaji, mwanawe fundi umeme, wakwe wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake watatu. Shemeji alimpiga mswaki kama kawaida. Dada alisukutua, akatema, akasema kwa sauti ndogo, "Ya nyuma umeyaruka."

Shemeji akaenda kusuuza mswaki ili arudie. Aliporudi, Dada alikuwa ameshatutoka. Binti akaangua kilio, mkwe akakimbilia simu.

"Ngojeni kidogo," Shemeji akasema.

Akaketi. Akamfungua mdomo taratibu, akamalizia meno ya nyuma, juu na chini, kulia na kushoto, kisha akampangusa midomo kwa taulo.

Dada yetu, Mungu akupe pumziko la amani.