Ndoo Mbili za Mchanga Hai

Kijiwe chetu kipo Kilindoni, nyuma ya soko, kwenye benchi lenye mguu mmoja wa tofali, na mwenye birika ni Bi Mwanahalima. Sisi wa kila siku ni watatu. Kassian tunamwita Katibu. Alikuja kutoka Mbinga kuwa karani, akastaafu, akasahau kurudi. Hemedi ni Dira, kwa sababu akikuelekeza njia lazima upotee. Mimi ni Wakili, nina mdomo. Alhamisi hiyo tulikuwa wanne, maana Shamte, ambaye hutupitia akitoka baharini, alikaa nasi na ndoo ya mchanga katikati ya miguu. Hoteli moja kule Utende ilikuwa imejenga tangi kubwa la kioo la kufugia samaki wa miambani na matumbawe, ili wageni wasiopenda kulowana wayaone wamekaa. Ilitaka mtu wa kulitunza, na fulana angepewa yenye jina lake kifuani. Waliobaki kwenye mchujo ni wawili: Shamte, aliyezamia pweza miaka ishirini, na Mwalimu Elineema wa sekondari, mtu wa Machame, anayeogelea kama jembe. Kila mmoja amepewa kibali cha kuchota ndoo moja tu, mbele ya askari wa hifadhi ya bahari, aipeleke saa kumi jioni. Mwenye mchanga unaofaa kulazwa chini ya tangi, kazi ni yake. Na niseme kweli mapema: roho ilikuwa inaniuma. Nilitaka Elineema akose. Ila sikuwa na hakika kama nilitaka Shamte apate.

Shamte: Jamani, tangazo linasema "MCHANGA HAI". Kuchota nimechota, lakini hai maana yake nini? Niliona haya kuuliza.

Katibu: Limeandikwa kwa herufi kubwa zote?

Shamte: Zote.

Katibu: Basi umekwisha. Hiyo siyo hai ya uhai. Ni Hai, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Machame iko wilaya gani?

Dira: Lahaula! Hai!

Katibu: Na Mwalimu kwao wapi?

Dira: Machame!

Katibu: Mmeona? Nimekaa ofisini miaka thelathini, najua tangazo linavyoshonwa limkae mtu mmoja.

Mimi: Watu wa bara bwana, wanapendeleana.

Bi Mwanahalima: Na huyo Katibu wa wapi?

Katibu: Mimi ni bara ya kusini. Ni tofauti.

Bi Mwanahalima: Na huko Hai kuna bahari?

Katibu: Haipo. Ndiyo maana wanatuonea kijicho.

Shamte: Nisikilizeni basi. Mimi nimechota penye pono. Pono anatafuna tumbawe, anakunya mchanga, nimemwona kwa macho yangu. Mweupe, laini, samaki anayechimba hachubuki tumbo. Wa mikokoni mweusi, unanuka yai viza. Wa bandarini una dizeli.

Mimi: Si ungechukua changarawe, kitu cha kushikika?

Shamte: Changarawe uchafu unazama katikati, unaozea humo. Na ukiwa unga kabisa nao unapaa, tangi zima linakuwa uji. Huu uko katikati.

Dira: Yaani mzungu atoke kwao, apande ndege mbili, aje kuangalia mavi ya pono?

Shamte: Wewe Dira, ufukwe wote ule unaoogea ni nini?

Dira: Astaghfirullah. Sasa nisikilize mimi. Mchanga hai ni ule unaozaa. Babu yangu kule Bwejuu alikuwa nao. Unatia kikombe jioni, asubuhi unakuta debe.

Katibu: Hoteli itaufanyia nini?

Dira: Ufukwe! Watapanda ufukwe! Watauzalisha mpaka kisiwa cha Juani, wageni wavuke kwa miguu. Sisi tukitaka kupita na mitumbwi tunaambiwa, kibali kiko wapi?

Katibu: Na Mwalimu ndiye atakuwa Mkurugenzi wa Ufukwe.

Mimi: Na nyumba ya bati jipya.

Katibu: Na kiyoyozi.

Dira: Na mke wa pili.

Katibu: Ni Mlutheri yule.

Dira: Mkurugenzi hakosi njia.

Kila mtu akawa anamwonea wivu Mwalimu kwa mke ambaye hajamwoa. Shamte alikuwa anachezea mchanga wake kwa vidole. Ulikuwa na vipande vya majani na vumbi la kijivu juu juu, na mimi mdomo ukaniwasha.

Mimi: Uoshe. Wageni wanataka usafi. Ukimpelekea yule mama wa hotelini anayeajiri taka hizo, umempa Mwalimu kazi mkononi.

Shamte: Niuoshe kwa maji ya bomba?

Mimi: Ulitaka ya chupa?

Katibu akaunga mkono, Dira akaunga mkono, Bi Mwanahalima akasema yeye hajui, ila kitu cha baharini angekiacha na maji yake. Hakuna aliyemsikiliza. Tukaenda bombani mimi na Shamte. Maji ya kwanza yalitoka machafu, nikayamwaga. Ya pili nilipoyamwaga, niliona mnyoo mwekundu, mwembamba, anajikunja juu ya saruji, na konokono mdogo kuliko punje ya mtama akijivuta kurudi kwenye ndoo. Hapo hapo nikajua hai ni nini. Shamte alikuwa amegeuka anafunga bomba, anaimba. Nikaifikiria ile fulana. Nikaliona benchi bila yeye, na yeye akipita na pikipiki ya hoteli, akitupungia mkono bila kusimama. Nikawasogeza wale wadudu kwa kandambili mpaka mfereji ukawachukua.

Mimi: Fungua tena, bado haujatakata.

Tuliuosha mara tano. Ulirudi kijiweni ukiwaka, Dira akataka kuuonja akidhani sukari. Hatujakaa sawasawa, Mwalimu Elineema huyo, na ndoo yake imefunikwa gunia bichi.

Elineema: Shikamoo, Bi Mwanahalima. Habari zenu, kaka zangu?

Bi Mwanahalima: Marahaba, baba. Karibu kahawa.

Dira: (kwa sauti ya chini) Wake unanuka.

Elineema alichuchumaa mbele ya ndoo ya Shamte, akauchota kidogo, akausugua kwenye kiganja.

Elineema: Ama kweli. Chembe zimelingana hivi! Mimi nimechota popote tu, pwani siijui.

Katibu alinikonyeza. Elineema akauchimbua tena, safari hii kwa kidole, mpaka chini.

Elineema: Kaka Shamte, walio hai wamekwenda wapi?

Shamte: Wepi?

Elineema: Minyoo, konokono, vijidudu. Si ndio wanaokula uchafu wa tangi? Mchanga hai ndio huo. Wako wapi?

Katibu alitazama soko, Dira akatazama mbinguni. Shamte alinitazama mimi.

Shamte: Wakili, wewe ndiye uliyekuwa unamwaga maji. Hukuona kitu?

Mimi: Yalikuwa machafu. Sikuona.

Shamte aliinamisha kichwa. Kuchota tena hawezi, kibali ni ndoo moja. Mikono yake mikubwa ile, iliyotoa pweza kwenye mashimo ambamo watu wengine hawakuthubutu kutia kidole, ilikuwa imelegea juu ya magoti. Elineema akaondoa gunia. Ndani, chini ya maji ya bahari, mchanga wake wa kijivu ulikuwa unatikisikatikisika. Akachota makofi mawili, akayatia kwenye ndoo ya Shamte, akaongeza na maji.

Elineema: Watazaana. Wiki chache tu wote unakuwa hai.

Dira: Nilisema unazaa! Nilisema!

Elineema: Twende wote, kaka. Nitawaambia wako ndio wa kutandika, wangu ni mbegu. Wakitaka mmoja, wachague wenyewe.

Shamte alimwangalia kwa muda mrefu, akaibeba ndoo ya Mwalimu pamoja na yake. Wakaita bodaboda, wakapakiana, ndoo mbili katikati, wakaenda zao Utende.

Katibu: Tuseme ukweli, kijana ana roho nzuri.

Hapo ndipo wivu uliponikaba kweli. Kazi ningemsamehe Mwalimu, hata fulana. Lakini Shamte ni rafiki yangu tangu tukivaa kaptura za shule, na hajawahi kuniangalia mimi vile.