Sumaku Tatu za Marehemu Kasimiri Adelard

Marehemu Kasimiri Adelard, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ndanda, Masasi, tarehe 14 Machi 1934, mtoto wa pili wa mchonga vinyago. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Ndanda. Mwaka 1961 alifunga ndoa na Rosalia, na mwaka uliofuata, Uhuru ukiwa bado mbichi, akapelekwa ng'ambo kusomea ufundi wa umeme. Alirudi Januari 1968, akafundisha chuo cha ufundi hapa Dar es Salaam, wakahamia Tandika.

Mwaka 1974 Rosalia aligundulika kuwa na saratani ya titi. Mashine ya mionzi ya kumtibu haikuwapo nchini. Mashine ile huendeshwa na mawimbi yatokayo kwenye bomba maalumu, na ndani ya bomba hupita mkondo wa elektroni. Usipobanwa na sumaku, hutawanyika na kuliunguza bomba lenyewe. Wenzetu wa ng'ambo walitumia sumaku za umeme. Marehemu alitaka za kudumu, zisizokula umeme, maana umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha. Chuo alichosomea kilimtumia pete tatu nene za sumaku, nyeusi kama mawe, na ahadi: mpangilio wake ukifaulu, bomba na mashine vitaletwa kwa majaribio.

Chumba cha uani kikawa karakana. Mgeni alivuliwa saa mlangoni isije ikasimama, hata padri. Rosalia, na maumivu yake yote, alimtania: "Hizo sumaku zako zimekushika wewe kuliko mie."

Rosalia alifariki tarehe 9 Juni 1976, kazi ikiwa imebaki kidogo. Msibani wapishi walipungukiwa mafiga. Margareta, dada yake Kasimiri, aliyekuwa ametoka Masasi kuja kuzika, aliona uani, palipotolewa vitu vya karakana ili wageni wapate pa kulala, mawe matatu meusi, mazito. Akayapanga jikoni, akawasha kuni, akainjika sufuria ya wali.

Moto huua sumaku, na mtambo wa kuirudishia nguvu ulikuwa ng'ambo. Kasimiri alipotoka makaburini alizikuta pete zake kubwa majivuni. Akagusisha msumari, ukaanguka.

"Kuna nini, mdogo wangu?" Margareta akauliza.

"Dada, watu wamekula?"

"Wamekula, wameshiba."

"Basi, zimefanya kazi."

Hakukiandikia chuo tena. Margareta alipokuja kuelewa, alilia msiba upya.

Mwaka huu marehemu aliugua ini. Binti yake Filomena alimuuliza kwa nini hakuanza tena. Alijibu, "Nilikuwa namtengenezea mama yako." Alifariki nyumbani Tandika, tarehe 3 Mei 1981.

Ameacha watoto wawili, Filomena na Benedikto, na dada yake Margareta. Aliagiza chakula cha leo kipikwe na Margareta mwenyewe, kwa mafiga yale yale. Tangu alfajiri dada yuko uani, anachochea. Tukitoka hapa, twendeni tukale, tushibe.

Apumzike kwa amani, ubavuni pa Rosalia wake.