Mkono Nisiouosha

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, niko na watu.

DEREVA: Ni mimi, dada. Mdogo wako. Simu yangu imezima, nimeazima hii kwa dereva mwenzangu.

DADA: Ee Mungu. Uko wapi?

DEREVA: Bado niko mizani. Foleni ya malori haisogei. Pole, dada.

DADA: Pole na wewe. Umekula?

DEREVA: Nile nini? Mama kafa, unaniuliza habari ya kula?

DADA: Ndivyo angekuuliza yeye.

DEREVA: Kweli. Hilo lingekuwa la kwanza. Sasa wewe, baba kaniletea ujumbe kwamba mnazika saa sita. Saa sita hii? Mimi nafika saa tisa, nikiwahi sana!

DADA: Anasema jua kali.

DEREVA: Jua! Maiti ya babu ililala siku mbili tukisubiri watu wa mbali, na jua lilikuwa hilihili—

DADA: Punguza sauti. Shangazi yuko mlangoni.

DEREVA: Kwani uko wapi?

DADA: Chumbani kwa mama. Niko naye. Tumemaliza kumwosha, mimi na shangazi. Tumemfunika ile shuka uliyomletea, yenye maua ya bluu pembeni.

DEREVA: Si alisema anaiweka ya wageni?

DADA: Wageni wamekuja.

DEREVA: Niambie. Ilikuwaje?

DADA: Aliteleza kisimani alfajiri. Akajigonga kichwa kwenye jiwe la ukingoni.

DEREVA: Aliyeona nani?

DADA: Baba. Ndiye aliyemkuta, akambeba mpaka ndani.

DEREVA: Ateleze kwenye nini? Huko mvua imenyesha?

DADA: [mikwaruzo] ...unasikika kwa mbali.

DEREVA: Nasema mvua! Imenyesha?

DADA: Hapana. Miezi miwili sasa.

DEREVA: Dada, unaongea kama mama.

DADA: Kama mama vipi?

DEREVA: Hivyohivyo. "Nilijigonga kichwa juu ya mlango wa jikoni." Mlango ule mimi nilipita bila kuinama mpaka namaliza shule, na mama alikuwa ananifikia kidevuni!

DADA: [anacheka, anajizuia] Usinichekeshe, niko mbele ya maiti.

DEREVA: Na ule uji? Uji gani unamuunguza mtu mgongoni? Alikuwa anapika kinyumenyume?

DADA: Basi. Basi, mdogo wangu. Ngoja... [hatua zinaondoka] Shangazi katoka. Kaenda kuwaambia tuko tayari. Nasema mara moja, usinikatize.

DEREVA: Sema.

DADA: Shangazi kanionya tuliyoyaona kwenye kuosha yasitoke humu. Ni aibu ya marehemu.

DEREVA: Aibu ya marehemu, au ya baba, kaka yake?

DADA: Nimesema usinikatize. Kisogoni pamebonyea. Vidole vyangu viwili vimeingia. Si jiwe lile, nimelishika jiwe la kisima tangu utotoni, ni la mviringo. Hapa pana pembe. Ni upande butu wa shoka.

DEREVA: [kimya]

DADA: Upo?

DEREVA: Nipo.

DADA: Na mkono wa kushoto umevunjika, chini ya kiwiko, mahali pawili. Aliuinua kujikinga. Akapigwa, akauinua tena.

DEREVA: Namuua.

DADA: Nisikilize—

DEREVA: Nina chuma cha kufungulia matairi chini ya kiti. Lori naliacha hapahapa, nachukua pikipiki—

DADA: Nisikilize, we! Mkono wa kulia una unga.

DEREVA: Unga gani?

DADA: Unga wa mikate, umeshakandwa. Umekauka katikati ya vidole na kwenye kucha. Mama alikuwa anakanda.

DEREVA: Sasa?

DADA: Sasa aende kisimani na unga mikononi? Nimepita jikoni. Mitungi yote miwili imejaa pomoni. Ndoo iko kwenye msumari wake, kavu. Na baba yuko huko nje anawaeleza watu kwamba alikwenda kuchota maji ya kukandia.

DEREVA: Lakini maji mama alikuwa anachota—

DADA: Kwanza! Kabla ya moto, kabla ya kufagia, kabla hata hajanawa uso. Miaka arobaini. Wewe unajua, mimi najua, hata kuku wake wanajua. Baba mikate anaikuta mezani tu. Hajui kinachotangulia.

DEREVA: Hajui. Miaka yote hiyo... Huo mkono umeuosha?

DADA: Shangazi alinipa kitambaa. Nikamwosha uso, kifua, miguu. Nikamkata kucha za miguu, zilikuwa zimepasuka. Ule mkono nikauingiza chini ya shuka, nikasema nimemaliza.

DEREVA: Nakuja.

DADA: Na chuma chako? Umuue, wakufunge, mimi nibaki na nani? Hapo mizani hakuna polisi?

DEREVA: Wapo wawili. Wanakunywa chai.

DADA: Waendee. Waambie kuna mtu ameuawa na wanakimbilia kumzika. Wawapigie wenzao wa huku.

DEREVA: Watanicheka. Niwaambie unga?

DADA: Waambie kisogo, waambie mkono uliovunjika. Unga waje wauone wenyewe.

DEREVA: Lakini saa sita hiyo si imefika? Mpaka hao wapate gari... Dada, toka nje. Wasimamishe.

DADA: Niwasimamishe wanaume wote wale? Baba kakaa katikati yao. Mume wangu yuko naye benchi moja, anampigapiga bega.

DEREVA: Si afadhali? Shemeji mpole yule, mwite pembeni umwambie—

DADA: Mpole akiwa kwenu.

DEREVA: Unasemaje?

DADA: Na mimi ninao mlango wangu wa jikoni.

DEREVA: Dada. Tangu lini?

DADA: Acha hayo sasa. Naona vivuli dirishani. Wanakuja na jeneza.

DEREVA: Ongea nao! Waambie wanisubiri, mwana hajafika—

DADA: Subiri. [kishindo cha chuma]

DEREVA: Nini hicho?

DADA: Komeo. Ngoja nivute kabati. [kukwaruza, vyombo vinavunjika] Lo! Sahani zake zote, mama nisamehe.

DEREVA: Dada, unafanya nini?

DADA: Nimejifungia naye. [mlango unagongwa] Baba huyo.

DEREVA: Usimjibu.

DADA: Anasema nifungue, nisimtie aibu mbele ya watu.

DEREVA: Usimjibu, tafadhali—

DADA: [kwa sauti kubwa] Baba! Mama hatoki! Wewe ndiye uliyemuua, na mkono wake ninao hapa!

DEREVA: Mungu wangu.

DADA: Wamenyamaza wote.

DEREVA: Na yeye?

DADA: Anahema. Namsikia, yuko hapohapo nyuma ya ubao. [kishindo kikubwa] Ameanza! Anaupiga kwa teke!

DEREVA: Watu wanamwangalia tu?

DADA: Kuna anayesema mwacheni, kuna anayesema vunja. Mume wangu ndiye anayesema vunja. [kishindo] Bawaba ya juu imelegea. Mgongo wangu uko mlangoni. Kata simu, kimbia kwa hao polisi!

DEREVA: Siwezi kukuacha hivyo—

DADA: Ukibaki sikioni mwangu unanisaidia nini? Kimbia! Na hicho chuma kiache chini ya kiti, naapa, ukija nacho sikufungulii!

DEREVA: Nimekiacha. Nashuka. Nakimbia, dada, unanisikia? Nakimbia. Shikilia hapo! Afande! Afande, weka chai hiyo chini, nakuomba! Mama yangu ameuawa, na dada yangu sasa hivi— [salio limekwisha]