Neno Moja Katika Fomu ya Fakhriya binti Marhoun

*Wasifu wa marehemu, umesomwa na kaka yake, Soud bin Marhoun, katika sabla, ukumbi wa ukoo, Samad Ash Shan, siku ya tatu ya matanga, Alhamisi, 16 Januari 2025*

Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake ndiko alikotangulia Fakhriya.

Kusoma wasifu si desturi ya ukumbi huu. Wapo watakaonung'unika kuwa haya ni mambo ya jamaa zetu waliotoka bara, na wanung'unike tu. Imamu ameruhusu, karatasi zimechapishwa, na kina mama wanasikiliza kwa spika upande wa pili. Anayesoma ni kaka wa marehemu, tumbo moja, na ndani ya maandishi haya anatajwa kwa jina lake kama mtu mwengine yeyote, kwa kuwa hakuja hapa kujitetea. Kwa miaka ishirini, Ibra, Samad na hata Nizwa, limesemwa jambo moja juu ya Fakhriya: ati alijiita Daktari wa chuo kikuu ilhali hakuwa, ili apewe ukuu wa chuo. Kabla karatasi hii haijesha, ukweli wa jambo hilo utakuwa umesomwa mbele yenu.

Fakhriya binti Marhoun bin Harub alizaliwa mtaa wa Vuga, mjini Unguja, tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili na wa mwisho wa Marhoun na Bi Kaltham. Katika chuo cha Kurani alikaa mkeka mmoja na Soud, aliyemzidi miaka miwili, wakisomea juzuu moja. Soud alikuwa akiandika herufi ya Kiarabu ya *ra* kwa mkia mrefu unaoshuka mpaka mstari wa chini, akachapwa sana kwa mkia ule na hakuuacha. Fakhriya alikuwa akimcheka. Mwaka 1972 familia ilifika Oman, ikarudi hapa Samad kwenye mashamba ya babu, naye akiwa na miaka kumi na tatu, Kiarabu chake cha kubabaisha, akijibu salamu za wazee kwa shikamoo hata pale palipokuwa hapana wa kuielewa.

Alimaliza sekondari Maskati mwaka 1979. Mwaka 1981 alipata nafasi ya kusoma Edmonton, Kanada, katika chuo cha ufundi, fani ya mafriji na viyoyozi. Watu walicheka: msichana mzima aende akasomee baridi kwenye nchi inayoigawa bure! Alikaa miaka mitatu. Jambo alilolisimulia zaidi kuliko theluji lilikuwa la mkuu wa chuo kile. Asubuhi moja mzee huyo alishuka karakana na suti yake, akaona kiungo cha bomba cha Fakhriya kinavuja gesi, akaomba spana, akapiga magoti sakafuni na kukikaza mwenyewe. Kabla ya kuwa mkuu, alikuwa fundi bomba kwa miaka kumi na minne. Fakhriya alirudi Oman mwaka 1984 na stashahada yake, na swali ambalo halikumtoka tena: wakuu wa vyuo vya ufundi, wao wenyewe walitokea wapi?

Aliajiriwa Chuo cha Ufundi cha Al Falaj, nje ya Ibra, mwanamke pekee katika karakana. Mwaka uliofuata aliitwa Al Ashkhara, ambako chumba cha baridi cha mfanyabiashara wa samaki kilikuwa kimezima na tani tatu za nguru zikiwa ndani. Mafundi wawili walikwishashindwa. Fakhriya aliweka ncha ya bisibisi juu ya kompresa, akabandika sikio kwenye mpini, akasikiliza. "Huyu hana ugonjwa," alisema, "ana kiu. Mpeni mafuta." Mwenye samaki alikuwa Nizar bin Yaarub. Nguru wake waliokoka, na wiki tatu baadaye alikuja kwa Mzee Marhoun na kapu la halua, akidai kwamba kile chumba kinahitaji fundi wa kudumu. Walioana Alhamisi, 20 Februari 1986. Siku ya harusi bibi harusi, hina mpaka viwikoni, alituma ujumbe kutoka ndani kwamba kiyoyozi cha pili kutoka mlangoni kitazima kabla ya Magharibi. Kikazima. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto wawili, Lujain na Adham.

Kufikia mwaka 2003 alikuwa naibu mkuu wa chuo. Mkuu alipotangaza kustaafu, Fakhriya aliandika barua kumi na tisa kwa wakuu wa vyuo vya ufundi vya Kanada, akiwauliza swali lake la zamani: ulianza na kazi gani? Kumi na mmoja walimjibu. Aliziweka barua hizo katika bahasha ya kaki, akajaza fomu ya kuomba ukuu wa chuo, na pale penye nafasi ya cheo cha kielimu akapaacha wazi.

Soud alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, Ibra. Alijitolea kuipeleka fomu Maskati kwa mkono wake. Alikwisha kusikia kuwa waombaji wengine wote ni madaktari wa vyuo vikuu. Kwenye kituo cha petroli aliitoa fomu bahashani, akaiona ile nafasi tupu, ikamuuma. Dada yake anajua kuliko wote, na watamruka kwa ajili ya nafasi tupu? Alichukua kalamu, akaandika neno moja kwa Kiarabu: Daktari. Alijiambia kuwa ni heshima tu. Hakumwambia mtu.

Usaili ulikuwa Jumanne, 4 Mei 2004. Soud ndiye aliyemwendesha. Njiani Fakhriya alimsomea zile barua. Kati ya wakuu kumi na mmoja, sita walikuwa madaktari waliotoka vyuo vikuu, wawili wahasibu, na watatu tu waliotokea kwenye kazi za mikono: fundi bomba, mpishi na nesi.

"Wasomee hao watatu," Soud alimwambia. "Hao wengine wa nini?"

"Nitakuwa nimewadanganya, kaka Soud."

Soud alishika usukani kwa mikono miwili. Barabara ilikuwa bado ndefu, na muda wa kusema ulikuwapo, saa nzima na zaidi. Aliutazama ukipita mpaka wakafika.

Yaliyopita ndani Soud aliyapata kwa Fakhriya mwenyewe, na baadaye kwa mzee mmoja aliyekuwa katika jopo lile la watu watano. Mwenyekiti alimkaribisha kwa bashasha. "Ahlan, Daktari Fakhriya. Tumefarijika, maana baadhi yetu walituambia kuwa wewe ni fundi tu."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Ilitosha kunyamaza.

"Mie si Daktari, sheikh," alisema. "Mie ni fundi wa mafriji."

Mwenyekiti aliigeuza fomu juu ya meza na kuweka kidole penye lile neno. "Na hili?"

Fakhriya aliinama akalitazama. Aliuona mkia wa *ra* ulioshuka mpaka mstari wa chini.

"Nani kaliandika? Kama ni mtu mwengine mtaje, nawe utatoka salama."

Kumtaja Soud kungekuwa kumfukuzisha kazi serikalini, na pengine kumpeleka mahakamani, na Soud ana watoto watano. Kutomtaja kulikuwa kuupoteza ukuu wa chuo, na jina lake juu yake.

"Fomu yangu, jina langu," alijibu. "Na kosa ni langu. Lakini nimekuja na barua kumi na moja. Niruhusuni nizisome kabla hamjanitoa."

Walimruhusu, pengine kwa mshangao. Akazisoma zote kumi na moja, hata za madaktari wale sita. Alipomaliza, mmoja wa jopo akamwambia, "Basi hesabu yako mwenyewe inakukataa, ya ukhti. Watatu tu!"

"Naam, watatu tu. Sikuja kuwaambia kuwa ni wengi. Nimekuja kuwaambia kuwa wapo."

Alirudi garini, akafunga mlango, akasikiliza kiyoyozi kidogo. "Gari lako gesi imepungua," alisema. Walipofika Bidbid, njiani kurudi, alimgeukia kaka yake.

"Ile *ra* ni yako."

Soud aliegesha kando ya barabara. Alilia, na hapa haoni haya kulisema hilo. "Narudi sasa hivi. Wallahi nawaambia mie ndiye."

"Na wanao watakula nini? Khalas, nimeshalipa. Nimekupa. Usije ukaninyang'anya."

Tarehe 19 Juni 2004 ilikuja barua ya onyo, ikawekwa katika jalada lake. Unaibu ulimtoka. Alirudishwa karakana kufundisha vijana kubadilisha kompresa, na huko alikaa miaka kumi na mitano. Asubuhi moja alikuta wanafunzi wameandika ubaoni: *Daktari wa Mafriji*. Aliusoma mstari, akawapa kitambaa. "Mafriji yaacheni, ni kweli. Hilo la mbele lifuteni." Israa, mwanafunzi wake aliyelifuta, ndiye leo anayeisimamia karakana ile.

Mwaka 2009 watu wa Nizwa walikuja kumposa Lujain. Walikaa katika ukumbi huu huu. Mkubwa wao aliuliza kwa adabu, na adabu ile iliuma zaidi, iwapo ni kweli kuwa mama wa binti aliwahi kughushi cheo. Mlango wa ndani ulikuwa wazi na Fakhriya alisikia. Soud alisimama. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Fakhriya alitokea mlangoni, akamkazia macho, akasema, "Kaka Soud, wageni hawana kahawa." Soud akaenda kuleta kahawa. Posa ilivunjika wiki ile ile, na binti wa watu alilia mwezi mzima kwa kosa la mjomba wake. Soud alijua, akala, akalala, akaenda kazini. Alikuwa akiona haya, na haya ile haikumfanya lolote. Lujain aliolewa miaka mitatu baadaye Sinaw, na Alhamdulillahi ameolewa vizuri, lakini mtu asijifariji kwa hilo.

Fakhriya alistaafu mwaka 2019. Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hospitali, Ibra. Soud, naye mstaafu, ndiye aliyempeleka. Hata pale kitandani aliisikiliza mashine na kumwambia nesi pampu yake inachoka. Alidhoofika sana mwishoni mwa mwaka jana. Mwezi wa Disemba, wakirudi Samad, Soud alimwomba.

"Fakhri, niruhusu niseme. Miaka ishirini sasa. Nambie ndiyo tu."

"Nikiwa hai, la. Zawadi harudishiwi mtu mkononi." Alipumzika kuvuta pumzi. "Nikishafukiwa, shauri lako. Lakini usije ukaniandika Daktari."

Alifariki Jumanne, 14 Januari 2025, baada ya Alfajiri, nyumbani kwake, Nizar akimsomea na Adham akimshika mkono. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, katika makaburi ya hapa Samad, umri wake miaka sitini na mitano.

Jana Alasiri Soud aliwakusanya Nizar, Lujain na Adham, akawaambia haya yote. Adham alitoka nje. Nizar alichukua birika. Alimmiminia Soud kikombe cha kahawa na kumsogezea. Lujain akasema, "Soma, mjomba. Soma yote, na posa yangu usiiruke." Barua yenye maelezo haya, na sahihi ya Soud yenye *ra* yake, itapelekwa Jumapili mahali lilipo jalada la marehemu, iwekwe juu ya ile ya onyo. Litakalomfika Soud baada ya hapo, na limfike.

Marehemu ameacha mume, Nizar bin Yaarub; watoto wawili, Lujain na Adham; wajukuu wanne; mafundi zaidi ya mia nane aliowafundisha, ambao viyoyozi walivyovitengeneza baadhi yenu mmeviwasha sasa hivi; na kaka mmoja.

Ni ada yetu, mwisho wa matanga, msemaji wa familia awaombe waliohudhuria wamsamehe marehemu kwa alilowakosea. Kama aliwahi kumkosea mtu kwa neno au kwa deni, tafadhali msameheni. Lakini kwa jambo lile mliloliongea miaka ishirini, hakuna wa kumwombea msamaha, kwa sababu hakulitenda. Aliyelitenda amesimama mbele yenu, ana karatasi mkononi, na anawaomba nyinyi, na upande ule wa pili anamwomba Lujain, mumsamehe yeye.

Mwenyezi Mungu amrehemu Fakhriya binti Marhoun, fundi, ampokee kwa jina lake tupu kama alivyotaka, na ampe mapumziko ambayo sisi hatukumpa.