Siku ya Kupumzisha Patasi

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Bwana, yule aliyelelewa na seremala. Mama mwenyekiti amenipa dakika kumi na amenionya nisihubiri. Sitahubiri. Nitasimulia tu jinsi uongo ulivyonikwama kooni kule Riyadh, na jinsi nilivyoutema kwenye sikukuu ambayo si yetu. Mchungaji, usinikunjie uso mapema. Sikusujudia kitu. Nisikilize mpaka mwisho.

Miaka ile vijana wetu walipokuwa wakimiminika Saudia, ajenti aliniuliza najua kazi gani. Nikamwambia nimeuza viatu, nimelinda lango. Akasema, "Hizo zimejaa. Nikuandike fundi wa mbao?" Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimetengeneza kitanda kimoja tu maishani, na mke wangu yuko hapa, ni shahidi kwamba kilituangusha wiki hiyohiyo. Cheka tu, mama watoto. Nikamwambia ajenti, andika.

Karakana ya kafili wetu, yaani mwajiri aliyetudhamini, ilikuwa pembeni mwa Riyadh, nasi tulilala vyumba vya nyuma yake. Tulitengeneza milango ya nyumba za watu wenye nazo. Mlango wangu wa kwanza niliukata mfupi. Wa pili, kona zake ziliachana hata ukapitisha kidole. Nilikuwa na visingizio vya kila aina: mbao ni mbichi, mashine ni mbovu, joto limezidi.

Fundi mkuu alikuwa Mhindi wa makamo. Tulimwita Mistri, maana kwao ndivyo wanavyomwita fundi. Mtu mpole, mkono wake ukipita juu ya mbao unadhani anapapasa shingo ya ng'ombe wake. Mara mbili alikuja kunielekeza. Mara zote mbili nikamwambia, "Najua, Mistri. Sisi kwetu tunafanya tofauti." Kwetu wapi? Nawaambia, kiburi cha mwongo kinashinda cha tajiri, kwa sababu kina mengi ya kuficha.

Siku moja, Alhamisi, msimamizi wetu alichoka. Alikuja akausukuma mlango wangu kwa mguu, kona ikafunguka yenyewe. Akasema, "Halas! Jumamosi asubuhi utaunga fremu moja mbele yangu. Ikikataa, mafi kazi, kazi hakuna. Unarudi kwenu." Nyumbani mama yangu alikuwa ameshatangaza hapa hapa kanisani kwamba mwanawe ni fundi Saudia, na mlipiga makofi.

Nikapanga. Ijumaa hatufanyi kazi, kwa hiyo nitashinda karakana nikijifunza peke yangu. Ijumaa ilipofika niliamka, nikaenda, nikakuta ukuta mtupu. Hakuna msumeno, hakuna randa, hata futi ya kupimia haipo.

Vilikuwa chumbani kwa Mistri. Pazia limeshushwa, Wahindi kama sita wameoga na kuvaa mashati yaliyopigwa pasi. Wametandika shuka nyeupe na juu yake wamelaza zana zote za karakana, zimeoshwa, zimefutwa mafuta, zinang'aa, na kila moja ina alama ndogo nyekundu. Dereva wa lori alikuwa ameleta ufunguo wake nao ukalazwa hapo. Palikuwa na matunda na vitamu kutoka soko la Batha. Walikuwa wakiomba kwa sauti ya chini, maana ibada ya wageni kule haifanywi hadharani. Hata sisi Wakenya tenzi zetu tulizinong'ona.

Dereva akanieleza kwamba ni sikukuu ya Vishwakarma, ambaye kwao ndiye fundi wa miungu, aliyewajengea makao. Kila anayekula kwa mikono yake humheshimu siku hiyo, awe seremala, mwashi au fundi wa chuma. Na zana zimefanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo leo zinapumzika. Hakuna anayezigusa kwa kazi mpaka kesho.

Sasa niambieni, wapendwa. Mtu anayefukuzwa kesho ataelewa habari ya kupumzisha msumeno? Niliona ni mchezo. Walipotoka kwenda uani kugawana vitamu, niliingia nikachukua nyundo na patasi iliyolazwa katikati, maana zangu zilikuwa na kutu, nikazificha ndani ya shati, nikaenda nyuma ya stoo. Nikapata kipande cha mbao cha zamani, nikaanza kuchimba tundu. Pigo la tatu la nyundo, patasi ikagonga msumari uliojificha ndani. Makali yakamenyeka, pengo kama jino la mtoto.

Nilipoinua kichwa, Mistri alikuwa amesimama hapo.

Hakupiga kelele. Ingekuwa mimi, ningemrukia mtu. Aliichukua patasi kwa mikono miwili, akaigusisha paji la uso wake, akasema nayo kwa lugha yao, polepole. Nikamuuliza anasema nini. Akanijibu kwa ule Kiarabu na Kiingereza chetu cha kuunga, "Naiomba msamaha. Kwa niaba yako, bhai, ndugu yangu. Wewe huijui."

Yaani mtu ananiombea msamaha kwa chuma! Ningecheka, lakini machozi yalinitoka hapo hapo, tena mengi, mwanaume mzima nimeketi kwenye vumbi la mbao. Nikasema, "Mistri, mimi si fundi. Sijawahi kuwa fundi."

Akasema, "Kambi yote inajua. Hata mpishi anajua."

Kisha akaniuliza zana zangu mwenyewe ziko wapi. Nikamletea kutoka chini ya kitanda: nyundo, msumeno na patasi niliyonunua Batha, vyote vimevaa kutu. Akanipa kitambaa, majivu na mafuta, akaketi kando yangu. Kuosha kuliruhusiwa, kukata ndiko kulikokatazwa. Nikasugua. Kutu ilipotoka, nikaona meno ya msumeno wangu yamelala upande mmoja, na patasi yangu butu kama kijiko. Miezi yote ile nilikuwa nikilaumu mbao. Akaniuliza kama dini yangu inaruhusu ile alama nyekundu. Nikasema sijui. Akasema, "Basi tuache. Usafi hauna dini." Akavilaza vyangu kwenye shuka, kando ya vyake.

Mchana kutwa tuliketi mikono mitupu. Naye akanifundisha kwa mdomo tu. Pima wapi kwanza. Weka alama upande gani. Ulimi wa mbao uachie unene gani ili uingie kwenye tundu bila kulazimishwa. Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Nikitaka kusimama nikajaribu, anasema, "Bukra," yaani kesho. Kwa kuwa mikono ilikatazwa, ilibidi kichwa kifanye kazi kwa mara ya kwanza. Kufikia alasiri niliweza kuunga fremu nzima kichwani, nikiwa nimefumba macho.

Jumamosi, kabla ya msimamizi kufika, alininolea patasi yangu na kunyoosha meno ya msumeno. Kisha akaenda zake, hakusimama karibu nami. Nikapima, nikakata, nikaunga. Msimamizi akatoa kadi yake ya ikama, kile kibali cha kuishi kule, akajaribu kuipenyeza kwenye kona. Haikuingia. Akajaribu kona ya pili, ya tatu, ya nne. Akanitazama, akasema, "Yalla, mlango mwingine," akaondoka. Sikuwahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Sikuwa fundi siku hiyo, msidanganyike. Nilikuwa mwanafunzi tu, lakini wa kweli. Mwaka uliofuata Mistri alinichagua twende Jeddah, kutia milango katika nyumba kubwa huko Al-Rawdah. Sikukuu ilipokaribia, mimi ndiye niliyekwenda madukani Sharafiya kununua mafuta na kitambaa kipya, na asubuhi yake nikaosha zana zote peke yangu, moja moja. Wahindi wakaomba. Mimi nilikaa kando nikamshukuru Mungu wangu kimoyomoyo, na hakuna aliyenisukuma.

Nawashukuru nyinyi mlioniombea bila kujua naficha nini. Mama watoto, asante kwa kukisamehe kile kitanda. Na Mistri, popote alipo, Mungu aibariki mikono yake. Wengi hapa tunaanza kazi kwa maombi. Ni yeye aliyenionyesha mtu anayeiheshimu kazi hadi kwenye mpini wa nyundo.

Naona vijana huko nyuma mna pasipoti tayari. Kama ajenti amekuandikia kazi usiyoijua, njoo karakana kwangu Jumatatu. Usije na visingizio, wala usiniambie kwenu mnafanya tofauti. Njoo useme tu, "Mimi si fundi." Hapo kazi itakuwa imeshaanza.