Dkt. Nchimunya Hamalambo, Aliyeiba Kura Darasani

Wafiwa wenzangu, viongozi wa kanisa, majirani, na ninyi mliotoka chuoni, naitwa Moonde, mdogo wake marehemu, familia imenituma kusoma haya ingawa inajua sina ulimi wa asali.

Marehemu dada yangu alizaliwa hapa Chisekesi tarehe 14 Juni 1968, mtoto wa kwanza wa Mzee Hamalambo, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari kwa masista wa Monze, kisha chuo kikuu Lusaka, akahitimu sayansi ya siasa mwaka 1991. Alifunga ndoa na shemeji yetu Choolwe tarehe 5 Agosti 1995, wakajaliwa Chipego na Luyando, hawa mnaowaona wamevimba macho, na tarehe 1 Februari 1999 akaajiriwa kuwa mhadhiri chuoni.

Kazini aliwakuta wenzake wakisoma maandishi yaleyale mwaka hadi mwaka, wanafunzi wakiyanakili, wakiyatapika kwenye mtihani na kuyasahau, naye akakataa kufundisha hivyo. Machi 2016 aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wachague kiongozi wa darasa, akahesabu kura mbele ya macho yao, akamtangaza kijana aliyeshindwa kuwa ndiye mshindi, akachukua mkoba wake akaondoka. Walinung'unika, hakuna aliyesimama. Juma lililofuata akafundisha kana kwamba hapakutokea kitu, na lile la tatu ndipo binti mmoja, Mutinta, ambaye leo ni wakili na yuko pale nyuma, akainuka, akasema, "Madamu, samahani, lakini ulituibia."

Dada akaweka chaki chini. "Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa utanifelisha."

Akawageukia wote, akasema, "Haya, sasa somo limeanza."

Siku hiyo walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga mlango, na tangu hapo wakawa wanaisoma katiba bila kusukumwa. Lakini kabla mwezi haujaisha dada aliitwa, akaambiwa anachochea vijana, na mkuu wa kitivo akamwambia, "Mama, fundisha siasa, usitufanyie siasa." Walimnyang'anya darasa, wakampa kazi ya kupanga ratiba za mitihani hadi mwisho wake. Wenzake walikuja nyumbani, wakala ugali wake wa nshima, wakasema, "Tuko pamoja, dada," na kwenye kikao cha kumjadili wakatazama viatu vyao. Mjomba, usinivute koti, nitamaliza.

Septemba 2022 presha ilimpiga, akapooza upande wa kulia, akalazwa Monze, kisha Lusaka, na alfajiri ya tarehe 9 Mei 2023 akatutoka. Leo chuo kimeleta shada, limeandikwa "Mwalimu Wetu Bora". Bora tangu lini? Tangu aliponyamaza?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani mlioleta unga na kuni kabla hatujaomba, na wanafunzi wake mliosafiri usiku kucha. Desturi inanitaka niwashukuru pia wafanyakazi wenzake, nami namshukuru mmoja, Dkt. Beenzu Mweemba, aliyesimama kikaoni peke yake kumtetea. Wengine, chakula kipo, karibuni mle.

Nchimunya, dada yangu, wewe lala salama, sisi tumebaki nao.