Juliana Limi Shilinde, Aliyeonyeshwa Akiendesha Peke Yake

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kolandoto, madereva mliopanga magari yenu kuanzia barabara kuu hadi huku kwenye mashamba ya pamba, na ninyi ndugu zetu mliotoka Shinyanga mjini, Kahama na Ushirombo, anayewasomea ni Donatus, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, na familia imemsihi asome yote, hata yale ambayo watu husita kuyataja mbele ya jeneza, kwa sababu maisha haya yalikwisha kusimuliwa mara moja mbele ya nchi nzima, na nusu yake ikaachwa.

Marehemu Juliana Limi Shilinde alizaliwa tarehe 3 Mei 1982 katika kijiji hiki hiki, mtoto wa tatu wa Mzee Shilinde, aliyetutangulia mwaka 2009, na Mama Esta, huyu mnayemwona ameketi kwenye mkeka hapa mbele, na jina la Limi alipewa kwa kuwa alizaliwa jua likichomoza. Tangu akiwa binti mdogo yeye ndiye aliyeongoza ng'ombe wa mkokoteni msimu wa kupeleka pamba kwenye gulio, kaka zake wakiwa wamelala juu ya mzigo, na baba hakuona ajabu yoyote, alichokuwa akisema ni kwamba Limi hapigi ng'ombe ovyo na mzigo wake haumwagiki. Tunalitaja hili mapema kwa sababu mtasikia, au mlikwisha kusikia kwenye televisheni, kwamba alikatazwa na jamii yake kushika usukani, na mzee wetu angekuwa hai siku ile angecheka mpaka akohoe.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1991, akamaliza darasa la saba mwaka 1997, hakuchaguliwa kuendelea, akaenda Shinyanga mjini kupika chakula cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, na hapo ndipo alipokutana na marehemu shemeji yetu Theonest, dereva wa lori, mwenyeji wa Ushirombo, ambaye kila siku alilalamika kwamba maharage yana chumvi nyingi na kila siku alirudi kula hayo hayo. Walifunga ndoa takatifu Ushirombo tarehe 20 Aprili 2002, Mungu akawajalia mabinti wawili, Blessing mwaka 2003 na Noela mwaka 2010, na ni Theonest mwenyewe aliyemfundisha mkewe kuendesha, jioni, kwenye kiwanja cha mpira, akimkaripia kwa sauti kubwa hadi majirani wakaja kuamua ugomvi ambao haukuwapo. Theonest alifariki mwaka 2014 kwa ugonjwa wa moyo, na mwaka uliofuata mjane wake alipata leseni ya magari makubwa, akaingia barabarani, si kwa ajili ya kupinga mila yoyote, bali kwa sababu watoto walikuwa wanakula kila siku na hii ndiyo kazi aliyokuwa akiiweza kuliko zote.

Kuanzia mwaka 2015 marehemu aliendesha tipa la mchanga na mawe katika ukanda wa Geita, na zaidi ya yote alibeba marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa ambao bado umebaki na dhahabu kidogo, akiutoa machimboni na kuupeleka kwenye mitambo ya kuchenjulia, ambako magari hupanga foleni getini kutwa nzima na mara nyingine hadi kesho yake. Utingo wake tangu siku ya kwanza alikuwa mzee Mwigulu, yule pale aliyevaa koti la kijivu, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake mdogo, na kila asubuhi dereva ndiye aliyemwamkia utingo wake shikamoo kabla ya kuwasha gari, jambo lililowafanya madereva wengine wacheke na baadaye wakaacha kucheka.

Sasa ndugu waombolezaji tuvumiliane. Getini pale hakuna choo cha mwanamke, na wanaume, kama mnavyojua, hujisaidia kwenye tairi huku wakiendelea na maongezi. Mzee Mwigulu na marehemu walikuwa na utaratibu wao, mzee alifungua mlango wa upande wa abiria, akafunga kitenge kutoka kwenye kitasa hadi kwenye kona ya bodi, akageuka, akasimama kwa mgongo kama askari wa benki, na mwanamume yeyote aliyetaka kupita upande ule alimwambia, "Zunguka, bwana, huku kuna mtu mzima." Kwa kitenge kile na mgongo ule dada yetu alifanya kazi miaka saba bila kuugua hata siku moja, akinywa maji yake kama mtu mwingine yeyote.

Mwezi Agosti 2021 walifika watu wa kituo kimoja cha televisheni kutengeneza kipindi kuhusu wanawake madereva wa malori, wakiongozwa na dada mmoja aitwaye Raudha, dada mwenye adabu, aliyesalimia watu vizuri na kula ugali wetu bila maringo, na walikaa na marehemu kutwa tatu. Walimwomba abadilishe tairi peke yake, kazi ambayo hakuna dereva wa tipa anayeifanya peke yake, mwanamume au mwanamke, wakamwomba anywe chupa nzima ya maji amesimama kwenye ngazi ya gari, jua likimpiga usoni, akainywa mara nne mpaka picha ikawapendeza, na kila walipowasha kamera walimwomba mzee Mwigulu asogee. Marehemu ndiye aliyemwambia, "Baba, kaa nyuma ya gari kidogo, wageni wamekuja na kazi yao, tuwape wanachotaka," kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa nyumba hii, mgeni hanyimwi, na mzee akakaa nyuma ya gari siku zote tatu, kofia mkononi.

Hata hivyo marehemu hakunyamaza. Siku ya mwisho Raudha alimwuliza mbele ya kamera ni kitu gani kigumu kuliko vyote katika kazi yake, na marehemu, kama alivyotusimulia mara nyingi, akajibu bila kumung'unya maneno kwamba ni kukojoa, akaeleza habari ya geti, akaonyesha kitenge, akamtaja Mwigulu kwa jina, akasema, "Mwandikieni huyu mzee, bila yeye mimi si dereva." Alirudi nyumbani amefurahi, akamwambia mama kwamba safari hii wakubwa watasikia, na choo kitajengwa.

Kipindi kilirushwa tarehe 8 Machi 2022, siku ya wanawake, na hapa nyumbani tulitoa televisheni nje, majirani wakajaa uani, vigelegele vikapigwa hata kabla hajaonekana. Tukamwona dada yetu amepanda gari peke yake, anabadilisha tairi peke yake, anakunywa maji, anacheka, na sauti ya mtangazaji ikisema kwamba Malkia wa Usukani hahitaji msaada wa mwanamume yeyote, kwamba aliikataa mila iliyomfunga jikoni, kisha kamera ikasogea kwenye kitenge kilichoning'inia mlangoni, na sauti ikasema kwamba pamoja na ugumu wote wa kazi bado hajasahau urembo wake wa kike. Uani watu walipiga makofi, na katikati ya makofi hayo Mama Esta akauliza kwa sauti, "Ng'wanone, mwanangu, mbona Mwigulu simwoni, amekwenda wapi?" Wakamwambia anyamaze asikilize. Marehemu alicheka pamoja na watu, akasema televisheni haina nafasi ya kila mtu, lakini chakula chake hakukimaliza.

Mwezi uliofuata mwenye gari, ambaye tunamheshimu na ambaye yupo nasi hapa, alimwita, akampongeza, akamwambia kwamba kama nchi nzima imeona anavyomudu gari peke yake, utingo anakula mshahara wa nini. Marehemu alimjibu, "Bosi, ile ilikuwa ya kupiga picha tu," na bosi akacheka, akamwambia aache unyenyekevu, malkia hazungumzi hivyo. Angesema nini tena, wakati ni yeye mwenyewe aliyemsogeza mzee nyuma ya gari na ushahidi unaonyeshwa kila baada ya taarifa ya habari? Mzee Mwigulu alishuka kwenye lile tipa mwezi Aprili 2022, akarudi kulima, na kitenge akakiacha kitini kimekunjwa.

Kuanzia hapo dada yetu alikaa foleni peke yake. Akishuka kwenda vichakani anaacha gari bila mlinzi na mafuta yananyonywa, foleni ikisogea anarukwa, na akikifunga kitenge mwenyewe hana wa kusimama nje yake, akajaribu mara mbili, mara ya pili vijana wa machimbo wakamchungulia na simu zao, wakimwita Malkia. Basi akaacha kunywa maji. Alikunywa kikombe kimoja akitoka nyumbani na kingine akirudi, katikati hapo hata umpe maji ya baridi kwenye jua la saa nane alikuwa akisema, "Nitakunywa nikifika," na kufika kwenyewe, ninyi madereva mnajua, kulikuwa kesho.

Mwaka 2023 alianza kuugua njia ya mkojo, akatibiwa, ikarudi, akatibiwa, ikarudi, kisha mgongo, na kwa ule mgongo akawa anameza vidonge vya maumivu vya dukani akiwa safarini, kwa sababu foleni haimsubiri mgonjwa. Mwezi Oktoba 2024 alianguka getini akishuka kwenye gari, akapelekwa hospitali, na madaktari wakatueleza kwa upole kwamba kulikuwa na mawe, kulikuwa na uchafu wa siku nyingi, na figo zote mbili zilikuwa zimechoka kiasi cha kutorudi tena. Daktari alimwuliza hunywa maji kiasi gani kwa siku, na marehemu akamwomba Blessing atoke nje kwanza ndipo ajibu.

Alianza kusafishwa damu Mwanza, mara mbili kwa wiki, akaambiwa maji sasa yapimwe, kikombe kidogo tu kwa siku, maana mwili haukuweza tena kuyatoa, na kiu aliyokuwa nayo wakati ule hatutaki kuieleza zaidi ya kusema kwamba alikuwa akiomba alambe mfuniko wa chupa. Tarehe 8 Machi mwaka huu, akiwa wodini, televisheni ya ukutani ilirudia kile kipindi. Wagonjwa walimtambua, wakapiga makofi, muuguzi mmoja akaja na simu apige naye picha, na ilipofika ile sehemu ya chupa, yeye amesimama kwenye ngazi, maji yanamwagika kidevuni, marehemu alimshika mkono mama yetu, akasema, "Mayu, tazama ninavyokunywa." Akaangalia mpaka mwisho.

Mwezi Mei aliomba kurudishwa karibu na nyumbani, na Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya hapa Kolandoto, Juliana Limi Shilinde alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, akimwacha mama, mabinti wawili na sisi ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa Kolandoto, waliompokea mtu aliyekwisha kuchelewa na bado wakamhangaikia kama anayewahi. Tunawashukuru majirani, wabeja sana, kwa kuni, maji na usiku mliokesha. Tunawashukuru madereva wenzake waliochangishana mara tatu. Tunamshukuru mwenye gari kwa jeneza hili zuri. Tunakishukuru kituo cha televisheni kwa shada lile kubwa lililoandikwa Malkia wa Usukani, na kwa simu waliyompigia Blessing juzi, wakimwomba ruhusa ya kutengeneza sehemu ya pili, binti anayeendesha gari la mama yake. Tunamshukuru mzee Mwigulu, ambaye alikuja jana kwa miguu, na asubuhi ya leo, wanawake walipokuwa wakimwosha marehemu, alisimama mlangoni amegeuka nyuma hadi walipomaliza, bila kuombwa na mtu.

Jambo la mwisho ni la Blessing. Wengi mmeliona lile tipa barabarani pale, analiendesha yeye tangu Novemba, hana utingo, na kesho kutwa anarudi kazini kwa sababu Noela yuko shule na nyumba hii haina mwingine wa kuisimamia. Geti ni lile lile, choo hakuna, tumeandika, tumekwenda, tumeambiwa tusubiri. Jana alifika hapa saa kumi, vumbi limemjaa, akaja kupiga magoti mbele ya bibi yake, na bibi akampa kikombe cha maji. Alikishika, akakiweka chini, akasema atakunywa baadaye, maana bado alikuwa na safari ya kufuata turubai Shinyanga. Bibi yake alikitazama kile kikombe, akakifunika kwa kisahani.

Dada, uliyoyasema siku ile na wakayakata, leo tumeyasoma mbele ya watu. Ni hilo tu tulilokuwa na uwezo nalo. Foleni yako imekwisha, Limi, pumzika kwa amani.